Mahali Aliposimama Fleury

Injini ilikuwa imeshapata moto Anselme alipokaza mbao za breki kwenye gurudumu zito na kuzimwagia maji. Mvuke ukapanda. Kwenye ncha ya mkono wa breki aliongeza kipande cha chuma, kisha kingine. Chuma ambacho injini ingeweza kukiinua ndicho kilichokuwa kipimo cha nguvu zake.

Mwaka uliopita, katika banda hilihili la majaribio mjini Lyon, gurudumu la namna hiyo lilipasuka na kumuua mdogo wake, Fleury, aliyekuwa ameshika mkono wa breki na kuendesha petroli peke yake. Mhandisi Vaganay ndiye aliyetaka mizunguko elfu moja na mia sita kwa dakika. Mbele ya hakimu akasema marehemu alikuwa amelewa, na kwamba alifungua petroli kwa ukaidi wake. Mama yao aliacha kwenda kanisani. Hakutaka kutazamwa.

Tangu hapo Anselme alifanya kazi kimya. Alisaga valvu mpaka zikakaa bila kuvujisha hewa, akapanua koo la kabureta, akazipunguza pistoni uzito kwa tupa. Wenzake walimtania kwamba injini ya Vaganay anaibembeleza kuliko mkewe. Alitaka ifike elfu moja na mia sita.

Leo wanunuzi walikuwa wametoka Paris. Kwa desturi ya banda, katika jaribio la mwisho mkono wa breki hushikwa na aliyeichora injini. Anayekataa ameikana kazi yake. Vaganay akavua koti, akasimama kando ya gurudumu, pale aliposimama Fleury, huku akitabasamu.

Anselme akafungua petroli. Elfu moja na mia mbili. Na mia nne. Sakafu ikatetemeka.

"Inatosha," Vaganay akapaza sauti.

"Bado, bwana. Wageni wametoka mbali."

Mia tano. Vaganay hakuweza tena kuuachia mkono ule. Ungezungushwa na gurudumu na kumvunja mbavu.

"Punguza, ndugu yangu."

"Ndugu yangu alikuwa Fleury. Nani alimwambia afungue?"

Vaganay aliwatupia wageni jicho.

"Sema wageni wakusikie."

"Mimi! Hakuwa amelewa. Nilimwamuru mimi."

Mshale wa kipimo cha mizunguko ukagusa mia sita. Anselme akauacha hapo, akavuta pumzi tatu ndefu. Ndipo akafunga.

Gurudumu lilichukua muda kusimama. Vidole vya Vaganay vilikataa kufunguka. Wageni wawili walivibandua kimoja kimoja. Anselme akausukuma mlango mkubwa wa banda. Kule mtoni, kwenye mashua za kufulia nguo, wanawake walikuwa wakikamua shuka wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha yake.