Jambia Kwenye Jiwe la Feliksi

...upande upi, Afande, Feliksi kauliza, na miguu yake haijaacha kupiga pedeli, baiskeli ya kunolea imesimama palepale kwenye stendi yake huku ikikimbia, jiwe linazunguka, jambia limelala kwenye kiganja cha Feliksi kama mgebuka ambaye bado hajaamini kwamba ameshavuliwa, na Bonifasi, koplo mstaafu, mtu ambaye soko zima la samaki la Katonga linamjua kwa mdomo wake, mtu aliyewahi kuchekesha msibani mpaka mfiwa akaomba apumzishwe, kinywa chake kiko wazi kama mlango wa duka lililofilisika, upande upi, swali gani hilo, makali huku, makali kule, yanafanana, ua upande mmoja bakiza mmoja, si ndivyo alivyoagiza mwenyewe sasa hivi, kwa sauti ya amri kabisa, kwamba mkewe Winfrida, mama Scola, anataka kisu cha kupasulia migebuka na kisu chenye makali pande zote mbili kitamkata mpasuaji kabla ya samaki, maana Winfrida hupasua kwa kukandamiza kidole gumba mgongoni mwa kisu, na jambia halina mgongo, lina matumbo mawili, kitu gani duniani kina matumbo mawili na hakina mgongo... haya, huo ni mzaha mzuri, auweke akiba, maana Yunisi wa dagaa yuko nyuma yake kwenye foleni na panga lake la kuni, anamwangalia kwa macho ya mtu aliyelipa kiingilio. Na Yunisi hakusubiri, kashaanza, anawatangazia wenzake kwamba leo Afande kaja kusalimisha silaha, vita imekwisha na aliyeshindwa ni huyu hapa, wanawake wanacheka, naye anacheka nao, anawaambia nyumbani kwake Rusimbi kuna serikali kubwa kuliko ya Dodoma, wanacheka tena, na ni kweli tupu, maana serikali yenyewe ile pale, hatua thelathini, kwenye mchanga, khanga kiunoni, inapasua migebuka kwa kisu cha kuazima na haijageuka kumtazama hata mara moja, ilishasema neno lake, "Boni, Jumapili ikilikuta jambia chini ya mto wako, haitatukuta mimi na Scola, tutakuwa kwa dada yangu Kasingirima," ikaendelea kupepeta mchele, na leo ni Jumamosi, na Winfrida harudii kitu, mahubiri tu ndiyo hurudiwa, yeye hupanga nguo kwenye begi, na begi Bonifasi ameliona asubuhi, limefungwa zipu, limekaa nyuma ya mlango kama mgeni mwenye adabu... upande upi, Afande, ngoja Feliksi, ngoja kidogo, huyu si kisu cha jikoni unayemshika, huyu nilimpata ng'ambo ya ziwa hili hili, tulipokwenda kulinda amani, nilibadilishana na askari wa kigeni kwa redio na chandarua, kwa hiyo mbu walinila miezi minane nikiwa na silaha kali kiunoni, na huo nao ni mzaha mzuri, ameshautumia, ameshayatumia mambo yote, hata jambo la Scola alilitumia, ee Mungu, la Scola... saa tisa mchana, jua la kutosha, hakuna giza la kusingizia, baba kasinzia kwenye mkeka barazani, jambia chini ya mto, mtoto kaja na kikombe cha chai, akamshika bega, bega, miaka kumi na saba katika nyumba ile na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba askari hashikwi bega akilala, askari anavutwa kidole cha mguu na aliyemvuta anaruka nyuma, ndiyo iliyokuwa sheria ya seksheni yao, na nani wa kumwambia mtoto kama si yeye, akazinduka ncha iko chini ya kidevu cha mwanawe, mkono wake mwenyewe umeshika mpini, na chai haijamwagika hata tone, Scola kasimama na kikombe, akasema taratibu kama anayembembeleza mbwa wa jirani, "Baba, ni chai." Tangu siku hiyo anamwamsha kwa kugonga sufuria kwa mwiko kutoka mlangoni, na Bonifasi akaja hapahapa Katonga akawaambia watu nyumbani kwake siku hizi kuna kengele ya shule, wakacheka wakashika mbavu, Scola alikuwepo, kabeba beseni la mama yake, hakucheka, aliangalia mchanga... kidole cha mguu, kosa lilikuwa bega, angevuta kidole yasingetokea, sheria ni sheria, muulize Anatoli, mwenzake wa seksheni, Anatoli aliijua sheria ile kuliko kamanda, Anatoli wa kopo la maharage, na hilo kopo ndilo igizo kubwa la Bonifasi kuliko yote, anakuwa Anatoli mwenye njaa, anakuwa mfuniko wa kopo, anakuwa mganga wa kikosi anayetafuta jeraha ndani ya mchuzi, watu wa Katonga wanaliomba kwenye harusi, Afande tupe kopo, naye anawapa kopo, miaka yote hii anawapa kopo... kopo gani, Bonifasi. Mwanzo hapakuwa na kopo. Palikuwa na mvua, alfajiri, zamu ya lindo ilikuwa inabadilishwa, Anatoli akaja kumwamsha na akavuta kidole, alivuta kama sheria inavyotaka, akavuta mara mbili, buti lilikuwa limejaa maji na mguu umekufa ganzi, haukusikia kitu, ndipo akainama kushika bega, na jambia likaingia kwenye kiganja na kutokea upande wa pili, Anatoli akauma kofia yake asipige kelele, na ofisa alipofika kumulika tochi Anatoli alishafungua kopo kwa meno na mkono mmoja, alishajimwagia maharage mpaka kifuani, nimejikata, afande, mfuniko huu, afande, na wa kwanza kucheka alikuwa nani, alikuwa Bonifasi, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, maana asingecheka angesema, na vidole viwili vya Anatoli havikukunjika tena, mpaka leo huko Kasulu mke wake ndiye anayemfungia vifungo vya shati... kwa hiyo kidole cha mguu hakikumsaidia Anatoli, na bega halikumponza Scola, na mganga akipeleka tochi kwenye jeraha lile haoni mkato, anaona tundu, tundu dogo safi, makali haya mawili anayogombania hapa na Feliksi hayajawahi kumgusa mtu, yamekata kamba na sabuni basi, kilichoingia kwa Anatoli ni ncha, kilichokaa chini ya kidevu cha Scola ni ncha, na wewe, Bonifasi, msanii mkubwa, umemwambia Feliksi aue makali upande mmoja, ncha hukuitaja, umeiruka kimyakimya kama kuruta anayeficha sigara kwenye soksi, ulitaka lipite kwa Winfrida limevaa aproni, lipasue migebuka asubuhi, na saa tisa mchana lijue lenyewe njia ya kurudi chini ya mto... "Afande, jiwe linapoa," Feliksi anasema, na pedeli zinazunguka, na kule mchangani Winfrida anatupa mgebuka mwingine kwenye beseni, hajageuka, na Yunisi kashaegemea panga lake, uso umejiandaa kucheka, akiba ipo, matumbo mawili na hakuna mgongo, uko hapa kwenye ncha ya ulimi, uko tayari, Bonifasi anaumeza, unashuka kama mwiba wa samaki lakini unashuka, na leo atakaa na Scola barazani, atampa kopo jinsi lilivyokuwa, lenye mvua, bila kuigiza mtu yeyote.

"Upande wowote, Feliksi," anasema. "Lakini anza na ncha. Isage mpaka iwe butu kama kidole changu hiki. Ukimaliza mpelekee Winfrida mkononi, mimi usinipe."

Foleni nzima ikamsogelea, ikisubiri amalizie mzaha.