Mikono Isiyosikia Moto

Mtunza stoo wa hospitali ile kubwa alikuwa na bahati, au mkosi, ilitegemea siku: mama mkwe wake alifanya kazi pale pale. Mtunza stoo alikaa nyuma ya kidirisha chenye nondo, akigawa sabuni, mifagio na balbu. Mama mkwe alisimamia chumba cha pasi, ambako wanawake saba, naye akiwamo, walipitisha mashuka ya wodi zote kati ya rola mbili za moto na kuyapokea upande wa pili yakifuka mvuke.

Nyumbani mama mkwe alimwita "mwanangu". Kidirishani alimwita "bwana stoo", na hapo hakuwa na masihara.

"Bwana stoo, naomba glavu za moto. Jozi saba."

"Mama, glavu ni za watu wa boila tu. Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Wa boila wako watatu, na bomba la moto wanalishika mara mbili kwa siku. Sisi tunashika moto tangu asubuhi mpaka tunatoka."

Mtunza stoo akacheka, akasema lile ambalo kila mtu pale alilisema, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini: "Lakini nyie mikono yenu ni ya jikoni, mama! Imezoea sufuria tangu utotoni. Moto mnausikia wapi?"

Hakukusudia ubaya. Kusema kweli, alidhani anamsifu. Hata meneja, kila alipowapitisha wageni chumba cha pasi, alinyoosha mkono kwa madaha: "Hawa ndio mashujaa wetu, mikono ya chuma!" Wageni wakapiga makofi, wakaondoka, na ombi la glavu likaendelea kulala. Huo ulikuwa mwaka wa sita.

Mama mkwe akageuka akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alikuja kuwatembelea. Mtunza stoo alikuwa mlangoni akifuta viatu alipomwona bibi akimvalisha mjukuu gauni. Kifungo cha kwanza kilimponyoka. Akainama, akakikodolea macho kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, kikamponyoka tena.

"Bibi, umekosea," mtoto akasema.

Mke wa mtunza stoo akaja, akamalizia vifungo upesi upesi, bila kuuliza, kama jambo alilolizoea. Mumewe akamfuata jikoni.

"Mama ana nini?"

"Ina maana hujui? Vidole vyake vimekufa ganzi miaka mingi. Mwezi uliopita aliungua na birika, akajua alipoona malengelenge."

"Mbona hakuniambia?"

Mkewe akaweka mwiko chini. "Alikuambia. Si alikuja kidirishani kwako?"



Kumbe mama mkwe maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wiki ile aliyoomba glavu, binti mpya wa chumba cha pasi, ambaye wenzake walimwita Mgeni, alipiga ukelele aliposhika shuka la kwanza, na meneja aliyekuwa akipita alisema tu, "Atazoea." Neno hilo ndilo lililomkata maini yule mama. Ijumaa baada ya Jumapili hiyo, wakuu wa idara walipokuwa kikaoni, na mtunza stoo kakaa mwisho wa meza, mlango ukafunguliwa. Wanawake saba wakaingia na sare zao za kazi.

"Mama, leo si zamu yenu," meneja akasema.

"Tunajua, hatukai. Miaka yote umesema sisi hatusikii moto. Tumekuja kukuunga mkono."

Watu wakaangua kicheko.

"Ni kweli, hatusikii," akaendelea, uso mkavu. "Tunataka uone tulivyofika huko."

Akawapanga kwa miaka ya kazi: Mgeni mwenye wiki moja mbele, kisha wa miaka miwili, wa minne, wa saba, wa kumi na mmoja, wa kumi na mitano. Mwisho akasimama yeye, na miaka yake ishirini na miwili. Akatoa mfukoni njiti ya ufagio.

"Bwana stoo, njoo. Wafumbe macho, wewe uguse ncha za vidole. Anayesikia aseme ndiyo."

Mgeni alisema ndiyo mara kumi, tena ya mwisho kwa kucheka maana ilimtekenya. Wa miaka miwili, kumi. Wa minne, tisa. Wa saba alisitasita, akafikisha mara saba. Wa kumi na mmoja, tano. Kicheko chumbani kilikuwa kimekwisha zamani. Wa kumi na mitano alisema ndiyo mara mbili, na ya pili mtunza stoo hakuwa amegusa kitu.

Akafika kwa mama mkwe. Tangu siku ya harusi hakuwahi kuushika mkono ule ila kwa salamu ya heshima. Akaugeuza kiganja juu. Akagusa dole gumba: kimya. Akagusa cha shahada: kimya. Akaenda mkono wa kwanza wote na wa pili wote, mwisho akakandamiza mpaka njiti ikapinda. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, kainua uso kidogo, mtulivu.

"Anza basi, bwana stoo. Nangoja."



"Nimemaliza, mama," akasema.

Mama mkwe akafumbua macho, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hakujua kwamba vyote kumi vimekufa.

Meneja akajiweka sawa kitini. "Kwa kweli nyie akina mama mna uvumilivu wa ajabu..."

"Usitusifu, meneja. Tupe glavu."

Hapo mtunza stoo akapiga moyo konde. "Glavu zipo," akasema. "Watu wa boila huletewa jozi kumi na mbili kila mwaka, nazo huwa zinabaki. Ziko rafuni kwangu, zimejaa vumbi. Sikuwanyima kwa kukosa. Niliwanyima kwa sababu ya ile hadithi ya mikono ya jikoni, nami niliisimulia kwa kinywa changu."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda stoo, akarudi amezikumbatia.

Zilikuwa kubwa, za mikono ya wanaume, na mashuka yakawaponyoka. Jumatatu mama mkwe alizirudisha kidirishani, akaagiza ndogo, na akasimama pale pale mpaka akaona agizo limesainiwa. Zilifika baada ya wiki tatu. Daktari aliwapima wote saba. Wawili wenye miaka mingi wakahamishiwa kukunja nguo. Vidole vilivyokufa havikufufuka, na mama mkwe hakuruhusu mtu amwambie kwamba vitafufuka.

Siku moja mtunza stoo alimkuta uani kwenye benchi, mbele yake wamesimama wanawake wanne wanaopiga deki wodini. Dawa ya sakafu ilikuwa inawakata pumzi, na msimamizi wao alishawajibu kwamba watu wa kazi ngumu vifua vyao havidhuriki.

Mama mkwe alisogea, akawapisha wakae.

"Haya," akasema. "Nani kati yenu ameanza zamani kuliko wote?"