Yoakimu Hakuwepo kwenye Gwaride

Mume wangu aliitwa mtoro mchana kweupe, mbele ya watu, kwenye mkutano wa kijiji hapa Endagikot, na yeye akaendelea kutoa miiba kwenye soksi yake. Aliyesimama ni mimi. Mwenyekiti alikuwa anaandika majina ya wazee waliopigana Vita vya Kagera ili Siku ya Mashujaa wakae mbele, wamevaa medali zao. Lilipotajwa jina la Yoakimu, Gervasi, aliyekuwa naye kikosi kimoja, akasema, "Huyo msimwandike. Medali hana. Siku ya gwaride la medali alikuwa ametoroka." Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Maneno niliyomwambia Gervasi siku ile nimekwisha kuyapeleka kwa padri, kwa hiyo siyarudii hapa.

Tangu hapo sikutulia. Ninakaa kusuka vitunguu swaumu, ninaacha katikati. Ninachukua ndoo kwenda kukamua ng'ombe ambaye asubuhi ileile nimemkamua. Nikienda dukani, wanawake wakinyamaza najua walikuwa wanatusema, na wasiponyamaza najua wanatusema bado. Yoakimu alikuwa anakula, analala, anapalilia viazi, na utulivu wake ule ndio ulionichoma zaidi.

"Huumwi?" nikamwuliza.

"Naumwa nini?"

"Kuitwa mtoro!"

"Ludovika, vita imekwisha."

"Yako imekwisha. Yangu bado."

Sababu ya yeye kukosa gwaride nilikuwa naijua, na sababu hiyo ilikuwa na jina: Agripina, wifi yangu, dada mkubwa wa Yoakimu. Kikosi kilikuwa kimerudi nchini, vita vimeisha, na Yoakimu alipewa likizo fupi aje amwone mtoto wetu wa kwanza. Mtoto hakukaa. Alifariki hata maji ya ubatizo hajayapata. Enzi hizo huku kwetu Wairaqw mila ya metimani ilikuwa bado haijafa kabisa. Msiba wa namna hiyo unaifunga nyumba ili mkosi usiwafikie wengine: haingii mtu, hatoki mtu, moto wenu ni wenu na maji yenu ni yenu, mpaka miezi ipite na wazee waseme basi. Padri alikuwa ameikemea mara nyingi. Watu waliitikia amina kanisani, wakarudi nyumbani kulinda mipaka yao.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mlinzi wa mpaka wetu akawa Agripina, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uzio. Mimi nilikuwa na homa ya uzazi, niko nusu hapa, nusu kule. Katika majuma yale nakumbuka masizi ya darini, na mkono wa Yoakimu umeshika kata ya uji. Nilipopata fahamu za kutosha kuuliza leo ni lini, likizo yake ilikuwa imekwisha zamani na gwaride limepita. Nyumba ilipofunguliwa alirudi kambini, wakamweka mahabusu. Alimaliza mkataba wake, akarudi kulima. Medali haikutajwa tena.

Sikuhitaji kuambiwa nani alimfungia. Nilimwambia Agripina usoni kwamba amemharibia mdogo wake jina kwa ushamba wake. Hakujibu. Baadaye yeye na mumewe walihamia Gitting, kule Hanang, na tangu hapo tulikuwa tunakutana misibani tu, kila mmoja upande wake wa jiko.

Basi nikachukua cheti cha jeshi cha Yoakimu kutoka kwenye sanduku, bila kumwomba, nikapanda boda boda hadi Mbulu mjini, kwenye ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Mshauri mwenyewe nilimkuta ni mwanamke, Kapteni Shumbana, mtu wa Lindi, amevaa sweta juu ya gwanda na bado anajikunyata.

"Shikamoo mama. Huku kwenu ni friji," akasema.

"Marahaba mwanangu. Utazoea. Nimekuja kurekebisha jina la mume wangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanakili namba ya jeshi, akaniambia ataandika barua huko kumbukumbu zinakotunzwa. Nisubiri. Mimi na kusubiri hatukulelewa pamoja. Kila siku ya soko nilipita pale, mpaka mlinzi wa getini akaanza kuniita Mama Medali.

"Mama, mvumilivu hula mbivu," Kapteni aliniambia siku moja.

"Hiyo mbivu yenyewe, afande, imeshaozea mtini."

Alicheka, lakini safari iliyofuata hakucheka. Majibu yalikuwa yamekuja. Alinisomea: utumishi vitani upo, umethibitishwa. Medali, hakuna. Maelezo, hakuwepo kwenye gwaride, alikuwa nje ya kikosi bila ruhusa.

"Hii inarekebishika," akasema. "Aje mwenyewe aeleze. Na kama yupo shahidi wa wakati huo, aje naye."

"Na hayo maneno ya bila ruhusa?"

"Itategemea sababu. Kama alizuiwa kwa nguvu, nitaomba yafutwe. Baada ya hapo hata Gervasi wako akienda kuuliza, atakuta hayapo."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayataka. Medali ni chuma, inaweza kukaa kabatini na dawa ya panya. Lakini maneno yale matatu, nje bila ruhusa, ndiyo yaliyokuwa yanacheka mkutanoni. Nilitaka yafutwe tukiwa hai wote wawili.

Nilipomweleza Yoakimu, aliweka jembe chini. "Umekwenda bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa. Achana nalo."

"Siachani nalo. Utakuja, au nitakwenda peke yangu niseme mimi."

Mtu aliyeishi na mimi miaka yote hii anajua lini mlango umefungwa. "Nitakuja," akasema. "Lakini dada umwache huko aliko."

Ningemwachaje, na yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki duniani? Kesho yake nilimwambia Yoakimu naenda Dongobesh kuuza vitunguu, nikapanda basi la Katesh. Nilishuka njia ya Gitting, boda boda ikanipandisha, mlima wa Hanang umejifunika ukungu juu yetu, na mimi njia nzima nagombana na Agripina kichwani. Nilikuwa nimekwisha kumshinda mara kadhaa kabla sijafika.

Nilimkuta kibarazani anapepeta maharage. Amezeeka, amekuwa mdogo, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba, Ludovika. Mdogo wangu mzima?"

"Mzima wa mwili. Jina ndilo bovu." Nikamweleza yote bila hata kukaa. "Kwa hiyo nataka uje Mbulu, useme mbele ya afande kwamba ulimfungia ndani kwa nguvu."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Ndivyo unavyotaka niseme?"

"Ndivyo ilivyokuwa!"

Aliokota kijiwe kimoja kwenye maharage, akakitupa uani. "Basi nitasema."

Akaingia ndani akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikapewa maziwa, na yalinishuka kwa shida. Mtu niliyemlaumu tangu ujana wangu alikuwa amekubali lawama zote kwa sentensi moja, na badala ya kufurahi nilitaka kumtikisa mabega. Niliporudi kwenye basi sikuweza kukaa vizuri. Nilibadilisha kiti mpaka kondakta akaniuliza kama natapika.

Siku ya miadi Agripina alifika Mbulu kabla yetu. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, amejifunga shuka mbili, kiatu kimoja cha mvua kimepasuka. Yoakimu alipomwona alisimama katikati ya njia.

"Ludovika, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nimwache. Sikumwacha. Ingia."

Alimwamkia dada yake, akamshika mkono kumwinua, wakaingia mbele yangu. Walikuwa wanatembea polepole mno. Nilitamani kuwasukuma.

Kapteni Shumbana aliwaamkia wote wawili shikamoo, akatafuta kiti cha tatu, akafungua faili. "Bibi, nitaanza na wewe. Wakati gwaride linafanyika, mzee huyu alikuwa wapi?"

"Nyumbani kwake, Endagikot."

"Kwa nini hakurudi kambini?"

"Nyumba ilikuwa imefungwa kwa msiba. Mila yetu ya zamani. Nilimfungia mimi."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Kapteni alimtazama yule bibi mdogo wa umbo, kisha akamtazama Yoakimu, ambaye hata uzeeni anapita milangoni kwa kuinama. Lakini akaandika. Nilisikia kalamu inakwenda na moyo wangu ukaanza kwenda nayo. Andika, nikasema kimoyomoyo. Andika, maliza, piga muhuri.

Yoakimu akasimama. Sijui alisimamaje. Mgongo ambao kila asubuhi naukanda kwa mafuta ulinyooka, mikono ikashuka ubavuni, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu.

"Afande, usiandike hayo. Dada yangu anadanganya kwa ajili yangu. Hakuna mtu aliyenifungia."

"Kaa, mzee wangu."

Hakukaa. "Nilifika na begi langu, nyumba imeshafungwa. Dada alinisimamisha penye uzio. Akaniambia mtoto amefariki, usivuke, geuka urudi kambini leoleo, maana ukivuka hutatoka mpaka miezi ipite. Gwaride nilikuwa nalijua, tarehe tulikuwa tumeshapewa. Nikamwuliza, mke wangu anakula? Akaniambia, chakula ninakiweka hapa penye uzio, na tangu juzi hakijachukuliwa."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki na ilikuwa inakataa.

"Nilikuwa na watoto wawili wadogo," Agripina akasema. Alikuwa hamwambii Kapteni, alikuwa ananiambia mimi. "Niliogopa, Ludovika. Nilikuwa nakuita kutoka kule, huitiki. Niliogopa kuvuka."

"Nikavuka mimi," akasema Yoakimu. "Ndiyo hivyo tu, afande."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Hasira ilinipanda kwanza, maana ndiyo inayonijia haraka kuliko kitu kingine chochote. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga yeye na kumpigia magoti dada yake, na sikujua nianze na lipi. Tangu juzi hakijachukuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa ndani, na habari hiyo nilikuwa naisikia leo, ofisini, mbele ya mgeni mwenye sweta.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza Yoakimu.

"Ningekuambia ili iweje?" akasema. "Ulikuwa unaumwa. Hukunituma."

"Na wewe!" nikamgeukia Agripina. "Nimekutukana miaka yote hii!"

"Aliniomba nisiseme," akajibu. "Na mimi niliona yananistahili. Sikuvuka."

Nilikwenda nikaketi karibu naye, nikamshika mkono, na hatukuwa tumeshikana mikono tangu harusi yangu. Ulikuwa wa baridi kama maji ya asubuhi. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Kapteni akamwomba Yoakimu tena akae, na safari hii akakaa. Alizungumza taratibu, akiongoza kidole kwenye karatasi. Medali ilikuwa ya kupigana vita, akasema, na vita alipigana, imeandikwa. Kuondoka kikosini kulikuja baadaye, na adhabu yake aliitumikia. Hakuna popote ilipotolewa amri ya kumnyima medali. Siku ile hakuwepo, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kumwita. "Hiyo nitaiomba leo," akasema. "Sioni watakataa kwa lipi."

"Asante, afande," akasema Yoakimu.

"Liko hili la pili. Nje ya kikosi bila ruhusa. Kwa maelezo yako mwenyewe siwezi kuandika kwamba ulizuiwa." Akageuza karatasi. "Lakini naweza kuomba lifutwe kwa sababu ya umri wako, na muda uliopita. Wakubwa wana huruma zao, nimewahi kuona. Niombe?"

Yoakimu alininyooshea kidevu. "Mwulize huyu. Ndiye mwenye vita."

Wote watatu wakanigeukia. Kwa ajili ya mstari ule nilikuwa nimemsumbua mlinzi wa getini, nimemdanganya mume wangu, nimemtoa bibi wa watu Gitting na kiatu kilichopasuka. Nilimwona kichwani Gervasi anavyocheka. Nilijua akicheka tena sitakuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba mume wangu hakutoroka, kwa sababu alitoroka. Aliondoka jeshini bila ruhusa ya mtu yeyote na akavuka uzio.

"Usifute," nikasema.

"Mama?"

"Uache hapohapo. Ila uandike mbele yake alikuwa wapi."

Kapteni Shumbana aliinamisha kichwa, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili tukubaliane: "Alikuwa nyumbani, akimuuguza mke wake."

Nilimwomba anisomee tena.