Zipu Huvutwa Mara Saba

Habari hii nilipewa na mke wa fundi zipu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, juzi tukianua nguo.

Fundi alikaa mbele ya daktari, kiganja shingoni, pale penye uvimbe. Siku tisa hakupata usingizi. Hata kazi mpya alikataa, asije akafa na mikoba ya watu.

"Baba, ni uvimbe wa mafuta tu," alisema daktari, binti wa umri wa mwanawe. "Tulikata kipande, tukakitazama kwa hadubini. Seli zake ni za kawaida. Si saratani."

Mkewe akashusha pumzi. Fundi, wapi!

"Mwanangu, usinifiche. Kitu kinakua, maana yake kinajizidisha."

"Hata ngozi yako inajizidisha, na damu yako."

Daktari akauvuta mkoba wake, ambao fundi huyohuyo aliutengeneza mwaka jana, akafungua zipu. "Ndani ya seli mna nyuzi ndefu. Kila uzi una pande mbili zilizoshikana kama meno haya. Kabla seli haijagawanyika, pande zinaachana, na kila upande wa zamani unapimiwa upande mpya. Unapata zipu mbili, kila moja nusu kuukuu, nusu mpya."

Fundi akasogeza kiti. "Hao mafundi wa ndani wanaanzia ncha ipi?"

"Wakianzia ncha moja, utazeeka hawajamaliza. Wanafungua sehemu nyingi kwa mpigo. Upande mmoja unashonwa moja kwa moja, mwingine vipande vipande, kisha vinaungwa."

"Na jino likikosewa?"

Hapo ndipo palipomkaba. Zipu haikuwahi kutoka mkononi mwake kabla ya kuivuta mara saba. Lakini wiki ile, kwa woga, aliacha kuvuta, na mkoba mmoja ukarudishwa umeachama kama kambare. Kama yeye mwenye macho na koleo alikosea, je, hao wa gizani?

"Anayeshona hujikagua palepale," daktari alijibu. "Jino lisilolingana huling'oa, akaweka jingine. Likimponyoka, wapo wakaguzi nyuma yake. Ni mara chache mno linapowapita wote. Ndiyo maana na sisi tulitazama mara mbili."

"Mbili tu? Mimi huvuta saba."

"Basi njoo tukuajiri, baba."

"Mchukue na koleo lake," mkewe akadakia. "Nimechoka kuishi na maiti anayekunywa chai!"

Fundi akacheka hadi uvimbe ukatikisika.

Walifika nyumbani adhuhuri. Hata viatu hakuvua. Alishika ule mkoba uliorudishwa, akalibana jino lililolegea, akaanza kuvuta. Mkewe, jikoni, alihesabu kimoyomoyo. Nne. Tano. Ya sita ikaishia katikati.

Akachungulia. Kidevu kilikuwa kifuani, mkoromo umeanza. Alipotaka kumwondolea mkoba, vidole vikakataa kuachia zipu.