Mgonjwa Haeleweki

Mwezi Machi mwaka 2012, mbele ya duka moja kubwa huko Randburg, Johannesburg, Révérien alishindwa kushuka kwenye ambulensi.

Mzee mmoja alikuwa ameanguka mlangoni akishika kifua. Bawabu wa duka, Mkongomani, alilikimbilia gari huku akipunga mkono. Alipochungulia dirishani na kuiona sura ya Révérien, alimtambua mara moja kuwa si mwenyeji wa Afrika Kusini, akamwambia kwa Kiswahili, "Kaka, fanya haraka, mzee anatuacha!"

Révérien alikuwa ameshavaa glavu na mkono ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, lakini hakukivuta. Alisikia harufu ya mpira unaoungua, ilhali hapakuwa na moto popote, na miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine. Mwenzake Lindani, aliyekuwa akiendesha, alizunguka gari, akachukua begi la dawa na kumhudumia mzee peke yake mpaka ambulensi ya pili ilipofika. Mzee alinusurika. Révérien aliyatazama yote kupitia kioo cha mbele, amekaa kama abiria.

"Eish, Rev, umepatwa na nini?" Lindani alimuuliza walipokuwa wakirudi.

"Tumbo."

Lindani aliendesha mpaka waliposimama kwenye robot ya tatu, taa za barabarani. "Kesho nitamwambia bosi," alisema. "Bora unichukie kuliko mtu afe mbele yetu."

Révérien alikuwa Mrundi wa mkoa wa Ngozi, mwenye miaka thelathini na minane. Alifika Johannesburg mwaka 2001, akaanza kwa kulinda magari barabarani, kisha akasomea huduma ya kwanza, na sasa alikuwa na miaka minane katika kampuni binafsi ya ambulensi. Huko Troyeville alikokaa, Warundi wenzake walimwita Daktari. Alikuwa amewakatalia mwanzoni, baadaye akazoea. Mkewe, Candide, aliyeshona mapazia nyumbani, ndiye aliyelipenda jina hilo kuliko wote.

Miezi mingi sasa mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Aliwafokea wagonjwa. Alihamia kulala kwenye kochi, kwa sababu aliwahi kuamka akimkaba Candide bila kujua. Yote hayo aliyaita uchovu.

Bosi alimwondoa kwenye gari, akamweka stoo kupanga bandeji, na akampa karatasi ya kwenda kliniki moja ya Braamfontein inayowatibu zimamoto, polisi na watu wa ambulensi. Nyumbani, Révérien alisema amechaguliwa kwenda kozi. Candide aliwatangazia wanawake wa kanisani kwamba mumewe anapandishwa cheo. Révérien alimsikia akiyasema hayo, akatoka nje.

Siku ya kwanza ya kliniki alivua sare yake chooni, akavaa nguo za kawaida kabla ya kuingia. Alitarajia kumkuta mzungu, mtu asiyejua lolote kuhusu yeye. Akamkuta mama wa Kikenya mwenye miwani, Dokta Mwende, mtu wa Machakos.

"Karibu, Bwana Révérien," alisema. "Naona umetoka Burundi. Tunaweza kuongea Kiswahili ukipenda."

"Hapana. Kiingereza," alijibu Révérien upesi mno.

Mwende hakulazimisha. Alimweleza kwamba anachougua kinaitwa kiwewe na kinatibika. Kuna siku moja, alisema, ambayo akili yake haijakubali kwamba imepita, ndiyo maana mwili bado unaiogopa. Dawa yake ni kuisimulia siku hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, macho yamefumbwa, tena na tena, mpaka ipungue nguvu. Sauti yake ingerekodiwa, naye angeisikiliza kila siku. Révérien akawa anaisikiliza stoo wakati wa chakula cha mchana, amekaa juu ya boksi na vidude vya kusikilizia masikioni, mgongo ameuelekeza mlangoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya Mei 2008, wiki ambayo wageni walishambuliwa mitaani. Asubuhi hiyo Révérien alibandika plasta juu ya beji ya jina lake. Yeye na Lindani walitumwa kwenye mtaa wa mabanda mashariki mwa jiji. Matairi yalikuwa yakiungua njiani. Mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, iliyovunjwa alilala mwanamume, kichwa kimepasuka, mkono mmoja umeungua, na umati umemzunguka. Mtu mwenye panga alimsogelea Révérien na kumuuliza anatoka wapi. Révérien alimjibu kwa Kizulu chake safi kwamba ni wa hapahapa. Mara majeruhi akainua kichwa na kumwita kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, nisaidie, nakuomba!"

"Anasema nini?" aliuliza mwenye panga.

"Sijui," alisema Révérien. "Mimi sielewi lugha yao."

Wakampandisha kwenye machela, wakafunga milango, wakampeleka hospitali.

Hivyo ndivyo alivyoisimulia kwa Kiingereza, wiki baada ya wiki. Mikono ilianza kutulia kidogo, lakini ndoto hazikuondoka. Wiki ya sita Mwende alizima kinasa sauti.

"Kila ukisimulia," alisema, "unafunga milango ya ambulensi, halafu mko hospitali. Safari ilikuwa ya dakika ngapi?"

"Ishirini hivi."

"Humo ndani mlikuwa nani na nani?"

"Mimi na yeye. Lindani alikuwa mbele, anaendesha."

"Kulitokea nini?"

Révérien aliinama, akatazama viatu vyake. Nje basi lilipita, likasimama, likaondoka. Alipofungua mdomo, Kiswahili ndicho kilichotoka, na hakutambua kwamba amebadili lugha.

"Aliniambia, 'Kaka, najua umenielewa, nimeona machoni mwako. Niambie tu, nitapona?' Nikamwambia kwa Kizulu alale. Akaniuliza tena. Nikampa mgongo, nikajifanya natafuta bandeji, na bandeji ilikuwa mkononi. Akanitajia jina lake, dokta, na jina la mke wake, na mahali alipo. Akasema, 'Andika, kaka.' Sikuandika. Kwenye fomu nikajaza: jina halijulikani, mgonjwa haeleweki."

"Ulikuwa unamwogopa nani wakati huo?" Mwende aliuliza kwa Kiswahili, polepole.

"Ndiyo hapo. Hakukuwa na mtu. Wenye mapanga tulikuwa tumewaacha. Lindani anajua mimi ni Mrundi, amekula kwangu. Pale nje niliogopa, na mtu kuogopa si kitu. Lakini humo ndani nilikuwa nimeshasema simwelewi, nikaona haya kugeuza kauli. Nikamwacha aongee peke yake dakika ishirini kwa sababu ya haya tu."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Alilitaja mara mbili jina lake. Nimelisahau."

Mwende hakusema pole, wala hakumwambia kwamba mtu yeyote angefanya vile. Alimsogezea glasi ya maji. "Wiki ijayo tutaanzia hapo," alisema, "kwenye milango ikifungwa."

Wakaanzia hapo, wiki nne mfululizo. Mara ya kwanza Révérien alitapika ndani ya ndoo ya takataka. Mara ya nne aliweza kusimulia hadi mwisho bila kusikia harufu ya mpira. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Siku moja alimuuliza Mwende aibu nayo itaisha lini.

"Sijui," alijibu. "Ndoto naweza kuzitibu. Aibu sikuahidi kuimaliza, na sina hakika kama ningependa iishe yote. Lakini umeibeba peke yako miaka minne. Mkeo anajua?"

Alimwambia Candide Jumamosi mchana, mbele ya cherehani, kwa Kirundi. Alimwambia kwanza kwamba hakuna kozi wala cheo. Kisha akamwambia mengine. Candide aliendelea kukanyaga cherehani mpaka aliposikia habari ya fomu, ndipo mguu ukasimama.

"Wiki ile," alisema, "nililala na watoto wetu kwenye sakafu ya kituo cha polisi, tulikokimbilia. Ulikuja kutuona na sare yako. Niliwaambia wanawake wote pale, mwoneni huyu, ndiye anayewaokoa watu wetu huko nje. Kulikuwa na mama mmoja hajui mumewe yuko wapi. Alikushika mkono akakushukuru. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na ukakubali kushukuriwa."

Kwa siku mbili Candide hakumsemesha. Siku ya tatu alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akasema, "Nenda ukamtafute."

Révérien alikwenda na Lindani, ambaye aliomba ruhusa ili amsindikize. Karani wa kumbukumbu hospitalini alikuwa mtu mwema, akapekua majalada karibu saa nzima. Katika wiki ile waliandikishwa wanaume kadhaa wasio na majina, wengine walitoka kwa miguu yao, wengine hawakutoka. Bila jina, alisema, hakuna awezalo kufanya. Kilichopatikana ni ile fomu peke yake, yenye mwandiko wa Révérien na sahihi yake chini.

Kwenye maegesho Lindani aliegemea gari. "Nilikusikia siku ile," alisema. "Anakuongelesha, unamjibu Kizulu. Nilijua. Nikanyamaza, nikaona tuvuke tu siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Watu wenye mapanga walikuwa watu wa kwetu, Rev."

Walirudi mjini bila kuwasha redio.

Mwezi Septemba Mwende aliandika kwamba Révérien anaweza kurudi kwenye gari. Candide alikuwa ameacha kumwita Daktari, na kanisani watu walipomsifu mumewe alibadili mazungumzo. Révérien aliliona hilo, na hakulalamika. Kwenye kochi hakulala tena. Candide mwenyewe ndiye aliyeurudisha mto wa mumewe kitandani.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Candide alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamweka sawa kola ya sare.

"Leo mtu akikuita," alisema, "itika."

"Nitaitika," alisema Révérien. Hakuweza kumtazama usoni. Alishuka mtaani kuelekea kituo cha teksi, akiwa na begi lake begani.