Uchochoro Uliojazwa Mistari

Haraka ndiyo iliyomponza Ortensia. Kwenye ile ramani kubwa ya Roma kanuni ilikuwa moja: nyumba za watu hujazwa mistari hadi ziwe nyeusi, na pale anapopita kila mtu, iwe barabara, ua au sakafu ya kanisa, huachwa peupe. Baba yake, Prospero, alidai hakuna mji uliowahi kuchorwa hivyo. Kazi ya kuchonga mistari alipewa yeye na wenye ramani, lakini macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo binti ndiye aliyechonga, kwa siri. Wenye ramani wasingempa mwanamke bamba la shaba la kuchapia hata kwa dawa.

Jumatatu shangazi yake Fulvia akaingia bila hodi.

"Wewe mtoto, umetuziba!"

"Nimewaziba nini tena, shangazi?"

"Njia ya kisimani! Mwenye nyumba kaweka mlango uchochoroni, tukamshtaki. Sasa wakili wake anatupungia chapa ya kwanza ya ramani yenu. Uchochoro wetu mweusi tii! Hakimu akiiona Alhamisi, tumekwisha."

Ortensia akainamia bamba. Kweli. Kwenye shaba mji huchongwa kinyume, kushoto huwa kulia, naye alikuwa ameupita mtaa aliozaliwa bila kuutambua. Aliona aibu.

"Liache," Prospero alisema. "Ukiligonga likapasuka, miezi sita imepotea."

"Na shangazi akachote maji mtoni?"

Mzee akamsogezea nyundo. Ortensia akakwangua mistari, akalilaza bamba kifudifudi, akaligonga kwa nyuma taratibu hadi shaba ikainuka, kisha akapasugua pakawa laini.

Alhamisi wakapeleka chapa mpya mahakamani. Wakili akacheka.

"Juzi peusi, leo peupe! Huyu mzee hajakosea miaka arobaini, akosee leo? Kahongwa mvinyo huyu!"

Watu wakaangua kicheko. Prospero akatazama chini.

"Hakukosea yeye," Ortensia alisema. "Nilichonga mimi."

Hakimu akataka kuona. Ortensia akapewa kipande cha shaba, akachonga mistari thelathini iliyolingana, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka tena. Mlango ukaamriwa kung'olewa.

Kesho yake wenye ramani, waliposikia ni mwanamke aliyechonga, wakatuma watu kuchukua mabamba yote. Prospero aliwafungulia mlango. Ortensia alilia kwa sauti, kwa sababu kazi ile aliipenda kuliko kitu chochote.