Laini ya Bwana Zakariya

Asilimia arobaini na moja. Tangu Jumatatu Mapenzi alikuwa akiitazama namba hiyo kwenye kompyuta yake, katika chumba cha juu pale Ndia Kuu, na leo ni Alhamisi na bado haijasogea.

Video aliyokuwa akiituma ilikuwa ya kupamba, sherehe ya kumpamba bi harusi. Siku hiyo huingia wanawake peke yao, bi harusi huketishwa kichwa wazi na dhahabu zake, na simu zote huachwa mlangoni. Mapenzi huruhusiwa kupita na kamera kwa sababu miaka tisa yote hakuna mwanamume aliyewahi kuiona kazi yake. Haiweki mtandaoni, wala hampi msafiri abebe. Huituma kutoka kompyuta yake hadi ya mwenyewe, isilale kwa mtu njiani.

Asubuhi Bi Rukiya, mama wa bi harusi, alikuwa amempigia.

"Mamangu huko Maskati kesho alazwa hospitali. Asipomuona mjukuu wake leo, Mapenzi, usitie tena mguu kwenye harusi ya mtu mji huu. Ntawaambia mie mwenyewe."

Basi akaenda Kizingo, kwenye ofisi ya kampuni ya intaneti, akangoja saa nzima chini ya feni. Oliver wa huduma kwa wateja hakuinua macho.

"Kutumiana faili kompyuta kwa kompyuta kunajaza laini, mama. Watu wa aina hiyo tumewapunguzia kasi. Unawanyima wenzako. Weka video kwenye Hifadhi yetu ya mtandaoni, dakika kumi imeingia."

"Na nani ataiona humo?"

"Hakuna. Wahandisi tu ndio wana ufunguo."

"Wanaume?"

Oliver akacheka, akamwita mteja mwingine.

Mapenzi alirudi kwa miguu. Juu ya ngazi zake alimkuta Bwana Zakariya, mwenye kampuni yenyewe, akijipepea kwa kofia yake. Jumamosi iliyopita Mapenzi alikuwa amemrekodi video bintiye, Daktari Swabra, kwenye kupamba kwake.

"Salaam aleikum, Mapenzi. Dada zangu huko Dubai wanangoja video ya Swabra tangu juzi. Kwani kuna nini?"

"Aleikum salaam, bwana. Iweke kwenye Hifadhi yako. Dakika kumi tu. Wahandisi ndio wenye ufunguo." Alilitamka polepole kila neno, na kila neno lilikuwa tamu mdomoni.

Bwana Zakariya aliacha kujipepea.

"Mwanangu aonwe na kina Oliver?"

Mzee akatoa simu.

"Oliver, hebu fungua laini ya Ndia Kuu. Ndiyo, ya huyu mama."

Video ya Swabra iliondoka mbio. Kumbe laini haikuwahi kujaa. Mapenzi akaibonyeza na ile ya Bi Rukiya, huku akiomba moyoni. Hamsini na mbili. Sabini na nane. Themanini na tisa.

Simu ya Bwana Zakariya ikalia, akasikiliza, akatabasamu. Dada zake walikuwa wameshaipata. Akampigia Oliver.

"Funga."

Namba ilisimama kwenye tisini na moja.

"Bwana, nipe dakika moja. Ni mgonjwa anangoja."

"Nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Sheria ni sheria, Mapenzi." Akavaa kofia yake, akashuka ngazi bila haraka.

Jina la Bi Rukiya likatokea kwenye simu. Mapenzi aliiacha ilie hata ikachoka.

Kisha akafungua Hifadhi ya kampuni. Alikumbuka jinsi Swabra alivyomshika mkono Jumamosi ile: "Kwako, dada Mapenzi, mie sina wasiwasi." Msichana hakuwa amemkosea chochote. Mapenzi alilijua hilo vizuri, na bado aliichukua video ya Swabra, akaiandikia jina kamili la baba yake ili kina Oliver wajue ni ya nani, akaitia humo.

Dakika kumi, kama alivyosema Oliver. Haikusita hata mara moja.

Simu yake ikatikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa kampuni: "Asante, Mapenzi, kwa kutumia Hifadhi na kuwajali wateja wenzako."

Kwenye kompyuta, pembeni, ile nyingine ilikuwa bado tisini na moja.